Vinundu vya kahawia kwenye mwaloni, na gari linanata: ni mdudu gani huyu?

MshambaWaLushoto (Raleigh, North Carolina)
21 Aprili

Habari za humu jamani. Wakubwa shikamooni. Nina swali la mti, na najua humu kuna watu wa mashamba, kwa hiyo msinicheke.

Hapa ninapopanga kuna mti mkubwa pembeni ya maegesho. Nafanya zamu ya usiku, nafika alfajiri, naegesha chini yake, napanda kulala. Nikiamka saa nane mchana gari lote linanata. Si utomvu mzito kama wa mfenesi. Ni vitone vidogo vidogo, kana kwamba mtu kachukua chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi akaijaza soda. Juu yake inakaa chavua ya misonobari, maana mwezi huu mji mzima ni wa njano. Nikiwasha waipa ndiyo naharibu kabisa, kioo kinakuwa uji. Hii ni wiki ya pili naosha gari kila siku kama wa teksi.

Mti wenyewe nilidhani ni ndugu wa mkaratusi, majani yake membamba marefu. Mwenye nyumba, mama wa miaka sabini na kitu, akaniambia ni mwaloni. Nikabisha kimoyomoyo, maana mialoni niliyoizoea kwenye picha ina majani yenye mikunjo kama vidole. Kumbe ipo ya aina nyingi, na huu ni Quercus phellos. Kila vuli unamwaga vikokwa, kindi wanapigana juu ya paa mchana kutwa.

Juzi nikavuta tawi la chini. Vimejipanga vinundu vya kahawia, kama mtu kapasua mbaazi nusu nusu akazibandika tumbo chini. Havisogei. Sisimizi wanapita juu yake wanaenda na kurudi. Kichaka kilicho chini ya mti kimeota masizi kwenye majani. Halafu kwenye tawi moja la zamani, nene kama mkono wangu, gome ni la kijivu lenye chenga, utadhani limemwagiwa majivu yakagandia. Sijui kama ni tatizo hilohilo au ni jingine.

Mwenye nyumba aliita kijana wa kampuni ya kupiga dawa. Hakushuka kwenye pikapu. Alitazama juu kupitia dirishani, akasema ni ukungu, dola 380 mti upigwe dawa mara mbili. Mama wa watu yuko tayari kulipa, nimemwomba asubiri kidogo.

Picha tatu nimeweka hapo chini. Naomba jina la mdudu, kama ni mdudu.

---

KiparaWaTemeke
21 Aprili

Hizo ni nundu za mti wenyewe, miti mingi ya huko inazo. Kuna vinyigu vinataga ndani ya tawi, tawi linavimba. Puuza. Gari lifunike turubai.

---

MamaKibosho (Moshi)
22 Aprili

Marahaba mwanangu. Mimi mwaloni sijauona hata siku moja, ila hayo mambo matatu uliyoyataja kwa pamoja, yaani kunata, sisimizi na masizi, nayajua toka niko mdogo kwenye kahawa ya baba. Hao ni vidugamba.

Kwetu wako wa kijani, bapa, wamelala kwenye mshipa wa jani na kwenye machipukizi machanga. Wananyonya maji ya mti, na kwa kuwa yale maji yana sukari kuliko wanayohitaji, wanaitoa nyuma matone matone. Sisimizi wanakuja kuramba, na wakisharamba wanawalinda kama ng'ombe wao. Matone yasiyorambwa yanaangukia majani ya chini, ukungu mweusi unaota hapo. Kwa hiyo kijana wa pikapu kauona ukungu kweli, ila kaona moshi hakuuliza jiko liko wapi. Ukungu ule hauli mti. Unakula sukari tu. Ukiupiga dawa wewe umeosha sufuria, chakula bado kinaungua.

Bwana Kipara, nundu nyingi za mti hazinyi sukari juu ya gari.

Ninachokushauri kabla ya yote: chukua ukucha wako, kibandue kimoja. Utuambie kimetoka vipi.

---

FundiMatawi (Maryland)
22 Aprili

Kaka wa Lushoto, mimi nipo kwenye kazi ya kukata na kutunza miti huku mwaka wa kumi na moja, na mialoni ndiyo mkate wangu. Mama Kibosho kakupa nusu ya jibu, na huo ukucha aliousema una thamani kuliko picha zako zote tatu (ya pili, samahani, umepiga kidole chako).

Wadudu gamba wa mwaloni wako wengi, lakini kwa anayesimama chini ya mti na ukucha na lenzi ya mkono, huwa nawagawa kwanza kwenye mafungu mawili. Kuna wenye gamba laini. Huyo gamba lake ndio mgongo wake mwenyewe. Ukimbandua anatoka mzima, na akiwa hai anapasuka, anakulowanisha kidole. Hawa ndio wanaomwaga sukari. Fungu la pili ni wenye gamba gumu. Kwao kile unachokiona si mwili. Ni kifuniko alichojijengea kwa nta pamoja na ngozi zake za zamani alizovua. Ukikiinua kwa ncha ya pini, kifuniko kinakuja peke yake na mdudu anabaki chini, kimwili kidogo laini kisicho na mbele wala nyuma. Hawa hawanyonyi kwenye mshipa wa sukari, wanatoboa chembe za gome moja moja. Hawamwagi kitu. Kwa hiyo gari likinata, wenye gamba gumu unawatoa kwenye kesi moja kwa moja.

Sasa kwa vinundu vya kahawia vya nusu mbaazi kwenye vitawi vyembamba, mjini Raleigh, mwezi wa Aprili, mimi namtaja Parthenolecanium. Kwenye mialoni anayesemwa zaidi ni Parthenolecanium quercifex. Jike aliyekomaa ni kuba la kahawia la kama milimita 5 hadi 7, na sasa hivi ndio msimu wake wa kuvimba na kumwaga. Mwezi wa kwanza ungepita hapo usingemwona. Alikuwa bapa, mdogo, rangi ya gome.

Lakini usimalize hapo, maana kuna anayefanana naye na watu wa kazi hii wanamkosea kila mwaka: kermesi. Huyo ni duara kabisa, kama punje ya pilipili manga, ana madoa au mistari, na anapenda kukaa kwenye kwapa la jani au ubavuni mwa chipukizi. Ukimtazama haraka utasema ni chipukizi au nundu ya vinyigu, na hapo ndipo bwana Kipara alipopotelea, simlaumu. Kermesi ana alama nyingine: ncha za matawi zinakufa, unaona vishada vya majani makavu vinaning'inia huku mti wote ni wa kijani.

Na ili tufunge mjadala wa nundu: kata kwa kisu. Nundu ya vinyigu ni mbao, tawi lenyewe limevimba, haibanduki kwa ukucha hata ufanyeje. Mdudu gamba chini yake gome liko palepale, amekaa juu tu.

Tawi lako la majivu nalitilia shaka kivyake. Nenda na pini.

---

MshambaWaLushoto
26 Aprili

Nimerudi. Leo sina zamu. Nimesimama chini ya mti saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na pini, kijiko, na lenzi ya kukuzia niliyonunua kwenye duka la vitu vya kushonea. Jirani mmoja kafungua dirisha kaniuliza kama niko salama. Nikamwambia natafuta mdudu. Kafunga dirisha.

Cha kwanza: kinundu kimebanduka kizima kwa ukucha. Vile vya juani kidogo bado vina maji, kimoja kilipasuka nikapata unyevu wa kahawia kwenye kidole. Lakini hiki ndicho kilichonishangaza. Nilikigeuza kingine juu chini kwenye kiganja. Ndani hakuna mdudu. Hakuna miguu, hakuna tumbo, hakuna chochote cha kuitwa mnyama. Ni bakuli, na bakuli limejaa unga. Nikasema ah, kimekufa kimeoza. Nikaweka lenzi. Ule unga ni mayai. Mamia kwa mamia, meupe-meupe, yanang'aa kama mchele wa kitumbua uliolowekwa, na kila nikipumua yanamwagika kiganjani. Yule mama kajikausha mwenyewe kawa sanduku la mayai yake. Nilibaki nimeshika kiganja hivyo dakika nzima, sijui niyaweke wapi.

Cha pili: wote wako chini ya vitawi na ubavuni, kwenye vya mwaka jana. Si duara kamili, ni kama mashua iliyofunikwa, mmoja mmoja ana matuta mgongoni. Makwapa ya majani nimetazama, hayana kitu. Ncha za matawi ni nzima.

Cha tatu, lile tawi la majivu. Fundi, ulijuaje? Pini imeinua kigamba cha kijivu cha duara, kidogo hata kichwa cha pini ni kikubwa zaidi kidogo tu, na kigamba kimetoka peke yake. Chini kumebaki kitu laini kama kipande cha mafuta. Wamepandana, mmoja juu ya mwingine, ndiyo maana nilidhani ni gome limechubuka. Majani ya kichaka kilicho chini ya tawi hilo ni safi, hayana masizi.

Kwa hiyo mti mmoja, wadudu wawili?

---

FundiMatawi
26 Aprili

Wawili, ndiyo. Inatokea sana kuliko watu wanavyofikiri, na ndiyo sababu mtu anapiga dawa anasema haikufanya kazi. Dawa ilimlenga mmoja, mwingine akabaki.

Wa kahawia basi ni Parthenolecanium, kermesi tumtoe. Wa kijivu, kwa maelezo ya pini yako na kwa mwaloni wa namna hiyo, namtaja Melanaspis obscura. Na jina lenyewe la Kilatini linasema amefichika. Nimewahi kupanda mti nikafunga kamba kwenye tawi, nikashuka, na mkono wangu ndio ulioniambia kuna wadudu, si macho. Gome linakwaruza kama msasa.

Tofauti yao ya maana kwako ni kalenda. Huyu wa kahawia vitoto vyake vinatoka chini ya kuba sasa hivi, mwisho wa Aprili na Mei. Vinatembea hadi chini ya majani, vinanyonya huko kiangazi chote, na vuli kabla majani hayajaanguka vinarudi kwenye vitawi kulala msimu wa baridi. Kizazi kimoja kwa mwaka. Yule wa kijivu naye ni kizazi kimoja, ila vitoto vyake vinasubiri hadi joto likolee, Julai na Agosti. Msimu wa joto, mafuta au sabuni vinamuua mdudu akiwa kitoto kitupu. Akishajenga paa lake unapoteza hela. Kwa hiyo anayekuja na dawa mwezi wa nne ya kumaliza wote wawili, muulize atamfikiaje huyo wa Julai. Tena kuna dawa ya kumwagia mizizini wanayoipenda sana huku, imidacloprid. Wenye gamba laini inawapata. Wengi wa wenye gamba gumu haiwasumbui, kwa sababu hawanywi kwenye bomba inamopita.

Fanya hivi: chukua utepe wenye gundi pande mbili, zungushia kitawi chembamba chenye vinundu, pande zote mbili za vinundu. Tazama kila siku tatu. Utaona wenyewe.

Swali: mti uko katikati ya lami?

---

MshambaWaLushoto
26 Aprili

Pande tatu ni lami nyeusi. Upande wa nne ni ukuta wa jengo. Mizizi imeachiwa kipande cha udongo kama mkeka wa kuswalia watu wawili.

---

FundiMatawi
26 Aprili

Basi huo mti ungekuwa msituni tusingekuwa na mazungumzo haya.

Mji wako unajiita Mji wa Mialoni, na hao wadudu wako wamechunguzwa hapohapo. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hapo Raleigh walichapisha kazi yao kuhusu mialoni kama huo wako, iliyopandwa kandokando ya barabara. Kwenye sehemu za mji zenye joto zaidi, Parthenolecanium quercifex alikuwa mwingi hadi mara 13 kuliko kwenye sehemu zenye ubaridi. Aina ileile ya mti, mji uleule. Tofauti ni lami na kuta zinazotunza joto.

Kwa hiyo mwambie mama mwenye nyumba hiyo dola 380 aigeuze mpira wa maji na magunia ya vipande vya mbao vya kufunika udongo. Kiangazi mti unywe.

---

BintiMuscat (Muscat)
28 Aprili

Asalaam aleikum. Nimeipenda hii kesi, nimeisoma nikiwa foleni benki.

Kwa wanaodhani kila kinachonata ni gamba: kwetu huku kwenye mitende ni kinyume. Tuna kidugamba cha mtende, Parlatoria blanchardi, chenye gamba gumu, kinafanya kuti liwe jeupe kama limepakwa chokaa. Hakinati. Mtende ukinata, ukipita chini kanzu inadondokewa, huyo si gamba, ni mdudu mwingine anayeruka, Waarabu wanamwita dubasi. Jina linatokana na dibs, yaani asali ya tende. Marehemu babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hatazami mti. Anapitisha kidole kwenye jani la mlimao lililo chini ya mtende, analamba, anasema "dubasi", anaondoka. Kwa hiyo ule ukucha na ulimi ni elimu ya zamani.

Na huyo kermesi mliyemtoa kwenye kesi msimdharau, ana nasaba. Kwenye nchi zinazozunguka Bahari ya Kati kuna mwaloni mdogo wa miiba, Quercus coccifera, na juu yake anakaa Kermes vermilio. Majike walikuwa wakibanduliwa kwa kucha, wanakaushwa, wanatoa rangi nyekundu ya vitambaa vya wakubwa. Kwa Kiarabu ni qirmiz, na rangi yake qirmizi, na Wazungu wamelichukua jina hilo wakalipindapinda. Biashara yake ilianza kufifia karne ya 16 baada ya Wahispania kuleta rangi kali zaidi kutoka Mexico, ambayo nayo, mtacheka, ni ya mdudu gamba wa mpungate. Hata lakiri ya kubandikia mhuri kwenye barua za zamani ilitokana na mdudu gamba, Kerria lacca wa Bara Hindi. Tumebandika barua na wadudu miaka yote hiyo.

Kaka wa Lushoto, hao wa kwako wana rangi?

---

MshambaWaLushoto
29 Aprili

Wa aleikum salaam dada. Nimewaponda watatu kwenye karatasi nyeupe kwa ajili yako. Ni rangi ya chai iliyomwagika. Biashara hakuna.

---

MshambaWaLushoto
9 Mei

Utepe! Jamani utepe!

Siku ya tatu hakuna kitu. Ya sita, vumbi vumbi nikapuuza. Leo nimekata kipande nikaenda nacho mezani chini ya taa. Vumbi lina miguu sita na pembe mbili. Ni vitoto, rangi kati ya maziwa na chungwa lililoiva kidogo, vidogo kuliko punje ya chumvi, vimenasa vikielekea upande wa majani. Vingine vilikuwa bado vinapunga miguu. Kwenye kipande chenye urefu wa kidole changu nilihesabu hadi 112 nikaacha, macho yamechoka.

Tawi la majivu nalo nimelivisha utepe. Mtupu kabisa, kama Fundi alivyosema.

Nimechukua vitawi vinne vyenye majike wachache ambao bado hawajakauka, na kipande cha gome la kijivu, nikapeleka kwenye kliniki ya magonjwa na wadudu wa mimea ya chuo kikuu hapa mjini. Kumbe ipo, na mtu yeyote anaweza kupeleka. Nilikuwa nimefunga vitawi na karatasi ya jikoni iliyolowa, nikidhani vitakauka. Mhudumu akaniambia kwa upole kwamba maji ndiyo yanayoozesha sampuli, siku nyingine niweke vikavu ndani ya mfuko wa plastiki na kupeleka siku hiyohiyo.

---

MamaKibosho
10 Mei

112 kwenye kidole kimoja, Mungu wangu. Na sisimizi je? Sisi kwenye kahawa tunawakatia njia shinani. Sisimizi wakikosa kupanda, maadui wa kidugamba wanapata nafasi. Usiwasahau hao maadui. Kuna vinyigu vidogo sana, huwezi kuwaita nyigu ukiwaona, wanataga ndani ya kidugamba. Kikitoka kinaacha tundu. Ukiona magamba yana matundu kama yametobolewa na sindano, weka dawa chini uache watu wafanye kazi.

---

MshambaWaLushoto
3 Juni

Majibu yametoka.

Wa kijivu ni Melanaspis obscura, hapo hawakuwa na shaka. Fundi, kinywaji chako kipo kwangu.

Wa kahawia wameandika Parthenolecanium quercifex, na kunieleza kitu ambacho naona tukiache hapa kwa atakayekuja kusoma. Kwa macho na lenzi unafika kwenye Parthenolecanium tu. Kwenye mialoni hii ya Raleigh kuna wawili wanaoishi pamoja, quercifex na Parthenolecanium corni, hata kwenye mti mmoja, na kwa nje hawatofautishiki. Ili kuwatenganisha wanamchukua jike, wanamsafisha hadi ngozi inabaki kama kioo, wanamlaza kwenye kipande cha glasi, halafu wanahesabu vinywele na vitundu vya ngozi kwa hadubini. Ndiyo maana ni lazima apelekwe akiwa bado mbichi. Lile bakuli kavu la mayai lisingewasaidia. Niliwapelekea majike watano, wote watano walikuwa quercifex. Hawakusema mti mzima ni quercifex. Wamesema hao watano.

Nilimwonyesha mama mwenye nyumba karatasi. Kaisoma yote, kavua miwani, kaniuliza kama mwaloni utakufa. Nikamwambia walichoniambia: mti ni mkubwa, wadudu wa namna hii wanauchosha zaidi kuliko kuuua, hasa ukiwa na kiu. Dawa ya mafuta ya msimu wa baridi ingesaidia, ila ni mti wa ghorofa tano na mimi nina pampu ya mgongoni. Kanunua mpira wa maji siku hiyohiyo. Zamu ya kumwagilia nimepewa mimi, saa kumi na moja alfajiri nikitoka kazini, kila wiki mara moja, maji ya taratibu saa nzima. Nimepunguziwa kodi dola 20. Sikuomba.

---

KiparaWaTemeke
4 Juni

Naondoa nundu zangu.

---

MshambaWaLushoto
19 Julai

Kwa aliyeuliza maendeleo kwenye ujumbe wa pembeni: nimekata vitawi vitatu jana. Makuba ya mwaka huu yamekauka yote, bado yamegandia, ukiyagusa yanavunjika kama ganda la karanga. Usiyahesabu kama wadudu, ni mizoga. Katika magamba 40, 26 yalikuwa na matundu ya sindano kama ya Mama Kibosho. Tundu duara, safi, kama limetobolewa na fundi saa. Kuna moja lilikuwa na matundu manne. Vitoto viko chini ya majani kando ya mshipa wa kati, bapa, vinapenyeza mwanga, kama hujui unachotafuta utaapa jani ni safi.

Utepe wa tawi la majivu wiki hii umepata wageni. Rangi ya njano iliyokolea. Nimeurudishia mpya.

Gari nililihamishia upande wa pili wa maegesho toka mwezi wa tano, chini ya kimti kingine kidogo chenye maua ya rangi ya waridi. Raha tupu miezi miwili. Sasa Fundi, nieleze. Leo nimeamka saa nane, nimeshuka, kioo kinanata.

---

FundiMatawi
19 Julai

Gome lake laini, linabanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua? Maua kama karatasi iliyokunjwa?

---

MshambaWaLushoto
19 Julai

Ndiyo huohuo.

---

FundiMatawi
19 Julai

Hao hata si gamba, nadhani. Mwezi huu kwenye mti huo ni vidukari. Lakini usiniamini mimi, geuza jani. Wakitembea ni vidukari. Wasipotembea, na kwenye gome ukaona vidonge vyeupe kama pamba, chukua ukucha, kisha fungua uzi mpya.